Mayai ya kufunika kwa dagaa na mchicha

Chai kavu ni ya mtu aliyekosa. Ukiwa na namna, hapa Mwanza pembeni ya kikombe kunakaa chapati, maandazi, vitumbua au muhogo wa kukaanga wa kando ya barabara. Vyote vitamu, na mimi navila. Ila karibu vyote ni wanga uliopita kwenye mafuta, protini yake ni ndogo, na saa nne haijafika tumbo limeshaanza kudai tena. Anayeongeza yai anadhani amemaliza shida, kumbe yai lenyewe limekaangwa likielea, na mlaji anainuka mezani mzito kama aliyekula ugali wa mchana.

Mimi nililazimika kulifikiria jambo hili kwa sababu ya baba. Presha ilimpanda, akaambiwa apunguze mafuta na chumvi. Alichokisikia yeye ni kwamba amekatazwa mayai.

"Mwanangu, hata yai?" akaniuliza.

"Yai utakula, baba. Tutakachopunguza ni mafuta."

Tukakaa tukapiga hesabu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Yai moja la ukubwa wa kawaida lina kama 70, na ndani yake kuna gramu 6 hivi za protini. Kwa hiyo anayemimina vijiko vitatu vya mafuta kwenye kikaangio halafu akavunja mayai manne, kalori za mafuta zimeyazidi mayai yenyewe. Yai halina kosa. Kosa liko kwenye chupa ya mafuta, na dawa yake ni mfuniko: mvuke unaobaki ndani unaivisha yai juu, moto mdogo unaliivisha chini, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta kinatosha watu wawili.

Dagaa nimewaongeza kwa sababu tunaishi na ziwa mlangoni. Dagaa mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa tunamla na mifupa yake, tunapata na madini ya kalsiamu. Vitu viwili hivi vikikutana kwenye sahani moja, hakuna haja ya kuongeza soseji wala nyama.

Mahitaji ya watu wawili

Mayai 4 ya kisasa, au 5 ya kienyeji kwa kuwa ni madogo. Dagaa wakavu waliosafishwa, kiganja kimoja kilichojaa, kama gramu 20. Mchicha fungu dogo. Nyanya 1 iliyoiva lakini ngumu, kitunguu nusu, pilipili hoho robo. Maji vijiko 2 vya chakula, mafuta kijiko 1 cha chai, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, pilipili manga kidogo. Ndimu ukipenda.

Vyombo: kikaangio cha upana wa sentimita 20 hadi 24 chenye sehemu ya chini nzito, na mfuniko unaokaa sawasawa. Mfuniko ukiwa unacheza mvuke utatoroka, na mpishi utaanza kutafuta mafuta ya kuokoa chakula.

Kuchagua dagaa

Hapa sitapita haraka, maana chakula hiki kinaharibikia sokoni kabla hakijafika jikoni.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, giza likiwa zito. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu ya kuwakusanya, wavuvi wengi wanapumzika, na mzigo unapungua kwenye mialo, yaani fukwe wanakoshushia samaki. Kwa hiyo nunua wakati wa giza, uweke akiba ya wiki mbili tatu. Msimu wa mvua nao uogope: dagaa aliyenyeshewa akiwa juani hakauki vizuri, anabaki na unyevu ndani na harufu yake inabadilika.

Mimi huenda soko la Mwaloni, Kirumba, ambako magunia ya dagaa yanapakiwa kwenda mpaka Kongo. Pale kuna swali moja tu la kuuliza kabla ya bei.

"Shikamoo mama. Hawa ni wa mchanga au wa chanja?"

"Marahaba mwanangu. Hawa wa chanja, shika mwenyewe uone."

Wa mchanga wameanikwa chini ufukweni. Wa chanja wameanikwa juu ya vichanja vilivyotandikwa nyavu, upepo unapita chini na juu. Bei ya wa chanja iko juu kidogo, nami naitoa kwa moyo mweupe. Ila usiishie kwenye maneno, fanya alivyosema yule mama: shika. Chukua dagaa kumi hivi, wasugue viganjani, kisha fungua viganja kwenye mwanga. Ukiona chembe zinang'aa kwenye mistari ya mkono, huo ni mchanga. Halafu vunja mmoja. Aliyekauka anakatika kwa mlio, ambaye bado anajikunja tu. Rangi itafute ya fedha. Aliyegeuka njano mgongoni na tumboni mafuta yake yamechacha, na hata umpike vipi, ukali ule utabaki kooni.

Usinunue dagaa waliokwisha kukaangwa kwa ajili ya pishi hili. Ni watamu wa kutafuna na ugali, lakini wameshakunywa mafuta na chumvi, yaani tumerudi kule tulikotoka.

Kuwasafisha, jioni ya siku iliyotangulia

Mara ya kwanza nilipompikia baba, niliwaosha dagaa kwenye chujio, nikamwagia maji juu mara mbili, nikaona wameng'aa. Alitafuna mara moja, akanyamaza, akaweka kijiko chini. Hakusema neno, lakini nilisikia mchanga ule kana kwamba uko kwenye meno yangu. Tangu siku hiyo naosha hivi.

Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni pana. Tia dagaa, wachezeshe kwa vidole polepole, usiwakamue. Waache wametulia kwa muda wa kuhesabu hadi 20 ili mchanga ushuke. Sasa waokote kwa mikono kutoka juu, uwahamishie kwenye chombo kingine. Usimimine. Ukimimina, mchanga uliolala chini unapanda tena na kuwaangukia uliowasafisha. Badilisha maji, rudia, mpaka upitishe kidole chini ya beseni usihisi kitu. Wa chanja hunichukua maji mawili, wa mchanga manne au matano.

Vichwa natoa kwa wale wakubwa tu, maana uchungu unatokana zaidi na kichwa na matumbo. Wadogo waache wazima.

Watandaze kwenye ungo juani nusu saa, au karibu na jiko wakati unapika chakula cha usiku. Wakishapukutika maji, waweke kwenye kikaangio kikavu, bila mafuta hata tone, moto mdogo, ukiwageuza kwa mwiko. Baada ya dakika 6 hadi 8 harufu itageuka: ile ya ziwa inaondoka, inakuja ya karanga za kukaanga. Hapo epua mara moja, maana dakika moja zaidi huwa wachungu. Wakipoa wafikiche kwa mikono wavunjike vipande vidogo. Usiwatwange wakawa unga, kwa sababu unga unalifanya yai liwe la kijivu na zito. Tunataka vipande vinavyotafunika.

Ukiwa na haja, safisha wa wiki nzima kwa mara moja, uwahifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko kinachobana. Asubuhi inakuwa kazi ya dakika 20.

Mayai

Trei lililokaa juani mlangoni pa duka siku nzima silinunui, hata likipunguzwa bei. Yai lina vitundu vidogo sana kwenye ganda, maji yanatoka na hewa inaingia, na joto linaharakisha kuharibika. Ukiwa na wasiwasi, liweke kwenye bakuli la maji baridi. Likilala chali ni jipya kabisa. Likisimama wima limekaa siku nyingi kidogo, lakini linaliwa likiivishwa vizuri. Likielea juu, tupa. Lenye ufa tupa pia, usilihurumie.

Wengi huniuliza kama la kienyeji lina protini zaidi. Gramu kwa gramu hakuna tofauti ya kukufanya ubadilishe bajeti. Rangi ya kiini inatokana na anachokula kuku, majani na mahindi ya njano yanaikoza. Ladha ya kienyeji mimi naipenda zaidi, ila hilo ni suala la ulimi.

Wengine wanatupa kiini wabaki na ute mweupe. Ukifanya hivyo umetupa zaidi ya theluthi moja ya protini ya yai, pamoja na vitamini A, D na B12, ambazo ziko kwenye kiini. Kama daktari wako amekuambia upunguze viini kwa sababu ya lehemu (kolesteroli), mfuate yeye: tumia viini 2 na ute wa mayai 5. Kama hujaambiwa, kula yai zima.

Na kwa vijana wa gym wanaokunywa mayai mabichi asubuhi: acheni, wadogo zangu. Mwili unanyonya protini nyingi zaidi kutoka kwenye yai lililopikwa kuliko bichi, na bichi linaweza kubeba vijidudu vya salmonela. Unajihatarisha ili upate kidogo.

Kupika

Anza na moto. Ukitumia gesi, weka mdogo kabisa. Ukitumia mkaa, subiri makaa yawe mekundu yote na moshi uishe, kisha funga kidirisha cha jiko mpaka kibaki upenyo mdogo, na utandaze majivu kidogo juu ya makaa. Weka kiganja juu ya jiko, kimo cha shubiri moja: ukiweza kuhesabu taratibu hadi saba kabla ya kuondoa mkono, moto huo ndio wenyewe. Ukiondoa kwenye tatu, bado ni mkali.

Katakata mboga. Nyanya ipasue kwanza, utoe mbegu na maji yake kwa kijiko, ubaki na nyama yake. Mchicha ukate mwembamba. Hii si kwa ajili ya urembo, ni maji. Mboga ikiingia kwenye yai na maji yake yote, yanatoka wakati yai linashika, na unaishia na mayai yaliyokaa kwenye mchuzi wa kijani.

Tia kijiko cha chai cha mafuta kwenye kikaangio kilichopata joto. Kitaonekana kidogo mno, usishtuke. Chukua kipande cha kitunguu, kichome kwa uma upande wa mgongo, ukitumie kusugua mafuta chini na pembeni mpaka chuma chote king'ae. Kitunguu kinasambaza mafuta kuliko kijiko, na kinaacha ladha yake.

Weka kitunguu kilichokatwa na hoho, geuza dakika 2. Tia nyanya dakika 1, kisha mchicha. Usifunike sasa, acha maji yatoke na yakauke. Ukiburuta mwiko katikati, njia ibaki kavu kwa muda kabla mboga haijajirudi. Ikiwa maji yanakimbilia kwenye njia, ongeza dakika.

Wakati huo vunja mayai, moja moja kwenye kikombe kabla ya kulimwaga kwenye bakuli, maana yai viza moja likiingia umepoteza yote. Tia vijiko viwili vya maji, pilipili manga na chumvi. Onja dagaa wako kwanza, kwa kuwa wengine wamepitishwa kwenye chumvi na hutahitaji kuongeza. Piga kwa uma kama mara 40, mpaka usione tena nyuzi za ute mweupe. Maji yale yatageuka mvuke ndani ya yai na kulifanya liwe laini na linyanyuke. Maziwa sitii, yanalifanya lishike chini.

Nyunyiza dagaa nusu juu ya mboga. Mwaga mayai kuanzia pembeni kuelekea katikati. Vuta kingo kwa mwiko mara mbili tatu ili yai bichi literemke chini, kisha nyunyiza dagaa waliobaki juu. Waliotangulia wanaungana na mboga, wa juu wanabaki wakavu na kutoa mlio mdomoni. Ukiwatia wote kwenye bakuli na mayai, wote watalainika na utamu wa kutafuna umekwenda.

Funika. Usifunue kwa dakika 4. Kama mfuniko wako unadondosha matone, ufunge kwa kitambaa safi, ncha zote ukizifungia juu kwenye kishikio, zisining'inie karibu na moto. Baada ya dakika 4 tikisa kikaangio. Katikati kukitetema kama maji, funika dakika 1 au 2 zaidi. Likiwa limeshika na linatikisika kwa pamoja kama uji mzito uliopoa, epua, uliache limefunikwa dakika 1 nyingine. Moto uliobaki kwenye chuma unamalizia.

Wenye jiko la mkaa tuna njia nyingine ya kumalizia juu, ile ya wali na mkate wa sinia: kupalia. Mfuniko uwe bapa na wa chuma. Chukua makaa manne matano kwa koleo, uyaweke juu yake kwa dakika 1 na nusu. Juu kunapata rangi ya dhahabu bila kugeuza na bila tone la mafuta. Zaidi ya dakika 2 yai litakauka.

Kwa mtoto mdogo, mjamzito au mzee, hakikisha hakuna majimaji kabisa katikati. Choma kisu, kikitoka na ute wa kuvuta, rudisha motoni.

Kula

Gawa mara mbili. Sahani moja ina gramu kama 12 za protini kutoka kwenye mayai, na 5 au zaidi kutoka kwa dagaa. Kalori zake ni kama 220. Ukiweka pembeni nusu kikombe cha maziwa mgando, ambayo kwa Wasukuma hayahitaji kutangazwa, umeongeza gramu 4 hivi za protini na umevuka 20.

Kamua ndimu juu, si mapema ila wakati wa kula. Ndimu inaamsha ladha, hutaikumbuka chumvi. Wanga kidogo si dhambi: kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha, au muhogo wa kuchemsha. Chapati ya mafuta itafuta kazi yote uliyoifanya kwenye kikaangio.

Usiliache mezani likisubiri mtu hadi mchana. Kwa joto letu la ziwani, saa mbili zikipita tangu lipikwe, sikuruhusu ule. Wa kubeba kazini abebe, lakini ale mapema. Anayedhurika na samaki au mayai chakula hiki si chake, na mgonjwa wa figo aliyewekewa kiwango cha protini amuulize daktari wake kwanza.

Asubuhi ukiwa huna muda

Chemsha mayai mawili tu, uyamenye, uyapasue, uyanyunyizie dagaa wako wa chupa na ndimu. Ila kumbuka kitu kimoja: ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100. Maelekezo ya dakika uliyoyapata kwa ndugu yako wa Dar es Salaam, kwako yataacha kiini chororo. Ongeza dakika 1 hadi 2. Mimi nayaingiza mayai maji yakishachemka: dakika 8 kiini bado laini, dakika 12 kigumu. Kisha moja kwa moja kwenye maji baridi. Ukiyasahau motoni, kiini kitazungukwa na duara la kijani, ambalo ni madini ya chuma ya kiini yamekutana na salfa ya ute mweupe. Halina madhara, ila linakuambia limeiva kupita kiasi na utalisikia kavu mdomoni.

Baba sasa anapika mwenyewe siku za Jumamosi. Dagaa anawaosha maji matano, hata wale wa chanja.